Shahidi wa Pili

Fomu ya kuomba kusimamia mirathi ina maswali arobaini na mawili, na Wakili alikuwa ameshajibu arobaini kabla mteja wake hajaketi. Ndiyo kawaida yake. Watu wa mirathi huja wamechoka, wengine macho bado mekundu, na yeye hapendi kuwauliza mambo anayoyajua. Jina la marehemu analijua. Kazi yake, fundi kufuli, anaijua. Hata kitasa cha mlango wa ofisi hii alikifunga marehemu mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita, na hakijakwama hata siku moja. Aliyeachiwa nyumba: mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe wa kiume aliyetangulia kufa. Hali ya ndoa: mjane. Hilo nalo alikuwa ameshaliandika, kwa wino mweusi.

"Mama," Mkwe alisema, akiinama kuitazama ile karatasi, "hapo usiandike mjane."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa sare za shule, mwenye mimba ya miezi saba ambayo Wakili aliiona tangu mlangoni na kwa adabu ya kazi akaamua kutoiona. Kando yake alikaa Muuguzi, mwanamume mpole mwenye mikono misafi kupita kiasi, yule aliyekuwa akija nyumbani kumdunga mzee sindano na kumgeuza kitandani. Wakili alidhani amemsindikiza tu, kwa kuwa ngazi za jengo hili si rafiki wa mjamzito.

"Niandike nini?"

"Andika nimeolewa." Mkwe alimtupia jicho Muuguzi. "Na huyu. Tulifunga ndoa kwa msajili mwaka jana, mwezi wa tisa. Hatukumwambia mtu. Niliona haya, mama. Nakaa kwenye nyumba ya mzee, nililetwa pale na mwanawe, halafu nimwambie nimepata mwingine? Si angesema nimemtupa mwanawe?"

"Mwezi wa tisa," Wakili alisema.

"Tarehe sita. Cheti kipo." Muuguzi alikitoa mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi ya plastiki, akakiweka mezani kwa fahari ya mtu aliyengoja muda mrefu kukionyesha mbele za watu. "Sasa mzee hayupo, hatuna tena wa kumficha. Tukasema kwenye mambo ya mahakama tuseme ukweli."

Kule pembeni Karani aliacha kupiga chapa. Amefanya kazi na Wakili miaka kumi na tisa, naye akiacha kupiga chapa ujue kuna neno. Wakili aliisoma tarehe, akaisoma tena. Kisha alikikunja cheti, akakirudisha.

"Kuna tatizo mama?" Mkwe aliuliza.

"Nipeni siku tatu."

"Lakini nyumba ni yangu? Maana nataka kuhamishia cherehani chumba cha mbele, kabla mtoto hajaja."

"Usihamishe kitu kwanza," Wakili alisema, na hakuweza kumtazama usoni.

*

Walipotoka, Karani alifunga mlango. Mzee huyu mwembamba huvaa ufunguo wa kabati la wosia shingoni, na hata akienda kuoga hauvui, au ndivyo mkewe anavyolalamika.

"Sheria inasemaje, mama? Nikumbushe, huenda mimi nimezeeka."

"Unaijua."

"Naijua. Nataka kusikia kama na wewe unaijua."

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Anayeshuhudia wosia hapati kitu katika wosia huo, wala mkewe, wala mumewe. Wosia unabaki, ila kile alichoachiwa kinafutika. Na katika ukurasa wa mwisho wa wosia wa fundi kufuli, uliotiwa sahihi mwezi wa pili mwaka huu, shahidi wa kwanza alikuwa Wakili mwenyewe, na shahidi wa pili alikuwa Muuguzi, miezi mitano baada ya kumuoa mwanamke aliyeachiwa nyumba.

Kwa kawaida shahidi wa pili ni Karani. Siku ile Wakili alikuwa amemtuma masijala ya mahakama kufuatilia faili, foleni ikamla mpaka saa tisa. Huko nyumbani kwake fundi kufuli alikuwa anavuta pumzi kwa taabu, na Wakili aliona akingoja Karani ataikuta maiti. Akataka kumwita jirani. Mzee akatikisa kichwa juu ya mto, akamnyoshea kidole Muuguzi aliyesimama karibu na dirisha ameshika chupa ya maji ya dripu.

"Huyu yupo. Huyu aweke."

Kuna swali ambalo Wakili huliuliza kila shahidi kabla ya kalamu kugusa karatasi. Amelikariri. Humtajia mtu majina yote yaliyomo kwenye wosia, kisha humuuliza: una udugu au ndoa na yeyote kati ya hawa? Aliwahi kumuuliza hivyo padri. Aliwahi kumuuliza bibi wa miaka themanini, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Siku ile alimtazama Muuguzi, akaona viatu vya plastiki na koti lenye doa la dawa, akamwona kama kitu kilichokuja pamoja na ile dripu. Akasema tu, "Wewe si ndugu hapa, sivyo?" Muuguzi akajibu, "Hapana mama, mimi muuguzi tu." Basi. Kalamu ikapita.

"Nilifupisha," Wakili alisema sasa. "Miaka ishirini na sita sijafupisha."

Karani alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hajalifanya hata siku moja.

"Aliyesikia tarehe ile ni wewe na mimi," alisema taratibu. "Na mimi, kama unavyojua, sikio la kushoto lilikufa zamani. Walikaa kushoto."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Fomu inauliza kama ameolewa, haiulizi tangu lini. Tukijaza na kupeleka, nani atafukua? Mwalimu?" Mwalimu ni binti wa marehemu, aliyekuwa mtoto pekee aliyebaki hai. "Mwalimu alipoisikia nyumba inakwenda kwa wifi yake hakufungua mdomo. Wewe unataka kwenda kumwamsha aliyelala."

"Kile kipande kikifutika, nyumba inaangukia kwenye kilichobaki. Na kilichobaki chote ni cha Mwalimu. Niliandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema umwache alale."

Wazo lile lilimpendeza Wakili, tusifichane. Alilala nalo siku mbili kama mtu anayelala na njaa. Ingekuwa neno la Karani tu angelimeza. Lakini kwenye maombi ya mahakama kuna kiapo, na chini ya kiapo kuna jina lake, kwamba wosia ulishuhudiwa kama sheria inavyotaka. Amewafukuza wateja humu ofisini kwa kiapo cha uongo cha shamba la nusu eka. Siku ya tatu alivaa viatu, akamwambia Karani alete faili, wakaenda.

*

Nyumba ya fundi kufuli ilikuwa na vyumba vinne na vitasa kumi na moja. Hata mlango wa stoo ya mkaa ulikuwa na kufuli la shaba. Sebuleni, mahali palipokuwa na kitanda cha mzee, sasa palikuwa na cherehani na rundo la sare za buluu zisizo na mikono bado. Mkwe hakuwa amengoja. Mwalimu naye alikuwepo, kama Wakili alivyoomba. Alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, chaki ingali kwenye mkono wa blauzi yake, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni, ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Wakili hakuzunguka. Aliwaambia kosa ni lipi, ni la nani, na limefanya nini. Aliposema "ni langu" Karani aliinamisha kichwa.

Mkwe ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza vipimo vya mteja.

"Yaani kama angeandika jirani, nyumba ingekuwa yangu."

"Ndiyo."

"Kwa kuwa ameandika mume wangu, si yangu."

"Ndiyo, binti yangu."

"Huyu alikuwa anamwogesha mzee. Jirani hajawahi hata kuleta maji."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Uso ulimshuka. "Mama, mimi sikukudanganya," alisema. "Uliniuliza kama mimi ni ndugu. Mimi si ndugu. Ungeniuliza mke wangu nani, ningekwambia. Kumficha mzee nilimficha, lakini kwenye karatasi ya serikali nisingeandika uongo."

"Najua. Sikukuuliza."

"Ulidhani sina mke."

Wakili alitaka kusema hapana. "Sikudhani chochote," alisema. "Hilo ndilo baya zaidi."

Mkwe alinyosha mkono, akaomba kuuona wosia. Siku uliposomwa alikuwa analia, hakusikia zaidi ya neno nyumba. Sasa aliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyofuata mshono. Kidole kikasimama.

"'Nyumba yangu iwe ya mke wa marehemu mwanangu,'" alisoma kwa sauti, "'na iwe yake hata akiolewa, au akiwa ameshaolewa.'" Aliinua kichwa. "Haya ni maneno yako au yake?"

"Yake. Nilimwambia 'hata akiolewa' inatosha. Akakataa. Akasema andika na hilo la pili."

"Alijua?"

Wakili alikumbuka kile kidole kilichonyoshwa kuelekea dirishani. Mtu aliyeishi maisha yake yote na vitasa angeshindwaje kusikia nyumbani mwake mlango gani unafunguliwa na nani? Alijua. Alikuwa amenyamaza ili asiwatie haya, na ile siku ya wosia alimtaka yule mume mpya wa mkwe wake aingie kwenye karatasi ya familia kwa njia pekee aliyoiona.

"Nadhani alijua," alisema. "Nadhani ndiyo sababu alimtaka yeye aweke sahihi."

Hapo ndipo Mkwe alipolia. Hakulilia nyumba. Alilia miezi yote ile ya kumtoa mumewe kwa mlango wa nyuma, miezi yote ile ya kumwita "daktari" mbele ya mzee aliyejua kila kitu na akawa anaitikia tu. Muuguzi alikuja kusimama nyuma yake, akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuuondoa haraka.

Mwalimu alikuwa anajifuta chaki mkononi, chaki isiyotoka.

"Kuna njia," Wakili alimwambia. "Mwalimu, ukikubali kwa maandishi, sheria haikukatazi kumpa wifi yako kile baba alichotaka apewe. Sina haki ya kukuomba. Nakueleza tu kwamba njia ipo."

"Unaniomba," Mwalimu alisema.

"Basi nakuomba."

Mwalimu alicheka kidogo, bila furaha. "Unajua baba aliniachia nini? Mashine ya kuchonga funguo. Mimi nafundisha darasa la nne. Niende nikachonge funguo? Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa kauli yake, na ya marehemu haibishwi. Nikarudi kwangu, vyumba viwili vya kupanga, watoto watatu, mkubwa wa kike ameshavunja ungo analala kwenye mkeka na kaka zake. Miaka tisa dawa za baba nilikuwa nanunua mimi. Wifi anajua. Wifi, nasema uongo?"

"Husemi uongo," Mkwe alisema, akijipangusa macho kwa pindo la sare ya mtoto wa watu.

"Wewe ulimwogesha, mimi nilinunua dawa. Yeye akaangalia, akachagua. Sawa. Sasa leo anakuja wakili na karatasi, ananiambia sheria imenipa mimi, halafu papo hapo ananiomba nirudishe, ili kosa lake lisionekane."

Hilo lilimwingia Wakili penyewe, maana lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Sirudishi," Mwalimu alisema. Alisimama, akamgeukia wifi yake, na sauti ikampungua. "Kaa mpaka ujifungue. Kaa mpaka mtoto afikishe miezi mitatu. Sikufukuzi kama mbwa. Lakini sirudishi, wifi. Ningekuwa peke yangu ningerudisha."

Akatoka. Mlangoni kitasa kilimsumbua, kwa kuwa baba yake alikifunga kigeuzwe kinyume ili kuwachanganya wezi, na Mwalimu alikuwa amesahau. Ilibidi Mkwe ainuke na tumbo lake, amfungulie.

*

Wakili hakuondoka. Alimwomba Mkwe karatasi, Mkwe akampa ukurasa wa daftari la vipimo, akaandika humo jina na mtaa.

"Huyu ni wakili. Watu wanamwita Tai, kwa sababu haivui hata kwenye jua kali. Nenda kwake kesho."

"Atairudisha nyumba?"

"Nyumba hairudi. Lakini mimi nilikuwa na kazi moja ya kukulinda na sikuifanya. Sheria inakuruhusu unidai mimi thamani ya ile nyumba. Yeye atakusaidia kunidai."

Mkwe alimtazama kama anayedhani hakusikia vizuri. "Wewe mwenyewe unaniambia nikushitaki?"

"Ndiyo."

"Huyu Tai ni rafiki yako?"

"Hatusalimiani," Wakili alisema. "Ndiyo maana nakupeleka kwake."

Walirudi mpaka kwenye ngazi za jengo lao. Hapo Karani alisimama kupumzisha magoti. "Kuna watu hujipalia makaa," alisema, "lakini wewe mama umekwenda na sepetu kabisa."

*

Barua ya Tai ilifika baada ya wiki mbili, kurasa tatu, na kila sentensi ilikuwa imenolewa. Mwishoni mlikuwa na maswali manne yaliyotakiwa kujibiwa kwa maandishi. Matatu ya kwanza yalikuwa mepesi. La nne lilisema: Kabla ya shahidi wa pili kuweka sahihi yake, je, ulimuuliza kama ana ndoa na mtu yeyote aliyetajwa katika wosia?

Asubuhi hiyohiyo alipiga simu mtu wa bima ya makosa ya kazi, kijana wa sauti laini ambaye Wakili amekuwa akimlipa kila mwaka bila kumwona. Alikuwa ameshapata nakala.

"Mama, shikamoo. Lile la nne tu ndilo lenye maana," alisema. "Chumbani mlikuwa watatu. Mzee ni marehemu. Umebaki wewe na yule muuguzi. Ukijibu kwamba ulimuuliza, basi yeye ndiye aliyekuficha, na madai yanaishia hapo. Mahakama itamwamini nani, wakili wa miaka ishirini na sita au mtu aliyekuwa anaficha ndoa?"

"Na nikijibu kwamba sikumuuliza?"

"Mkataba wetu unasema ukikiri mwenyewe, sisi tunajitoa. Unabaki na mzigo wako. Una mali gani, mama?"

"Chumba hiki cha ofisi."

"Basi fikiria kabla hujaandika."

Aliweka simu chini. Chumba hiki alikinunua kwa mkopo wa miaka kumi na miwili. Kina madirisha mawili, kabati la chuma lenye wosia mia tatu na kumi za watu ambao bado wako hai, na kitasa ambacho hakijakwama. Aliogopa, waziwazi. Ana miaka hamsini na minane. Alijiona akipangusa vumbi la mafaili kwenye chumba cha kukodi, akianza upya na wateja wawili kwa wiki. Kisha alimwona Muuguzi akisimama mbele ya hakimu na viatu vyake vya plastiki, akiambiwa yeye ndiye mwongo, na mkewe amekaa nyuma na mtoto mchanga, akisikia kwamba nyumba yao imepotea kwa kinywa cha mumewe. Angeamini? Labda asingeamini mwaka wa kwanza. Mwaka wa tano, wakiwa wamechoka kupanga, angeanza kuamini.

Mlango uligongwa. Alikuwa mteja wa saa nne, mwenye duka la vyombo, mwanamume mwenye kitambi na haraka, aliyekuja kutia sahihi wosia wake pamoja na dereva wake awe shahidi.

"Tumalizane upesi mama, gari liko vibaya hapo chini. Huyu dereva tu, hana habari."

Wakili alimtazama yule dereva. Alimtazama vizuri, kofia anayoikunja mkononi, pete ya fedha kidoleni. "Umeoa?" alimuuliza.

"Nimeoa mama."

"Mkeo anaitwa nani?"

Dereva alitaja jina. Wakili alifungua wosia, akasoma majina yote, moja baada ya jingine, bila haraka, huku mwenye duka akitazama saa. Jina lile halikuwemo. "Sasa unaweza kuweka sahihi," alisema. "Asante kwa kunijibu."

Walipoondoka, Karani aliweka karatasi mpya kwenye mashine, akaisawazisha, akasubiri. Jibu la kwanza, la pili na la tatu aliyapiga kwa kasi yake ya siku zote. Kwenye la nne vidole vyake vilisimama juu ya herufi.

"Mama," alisema, "sikio langu la kushoto halijapona. Ukisema sasa, sitasikia vizuri. Nitaandika utakachotaka niwe nimesikia."

"Njoo ukae huku kulia."

Karani aliinuka taratibu, akaibeba mashine kwa mikono miwili, akaihamishia upande wa pili wa meza. Akakaa.

"Andika," Wakili alisema. "Sikumuuliza."

Karani aliandika. Akangoja.

"Niongeze nini? Sababu? Kwamba mgonjwa alikuwa anakata roho, kwamba mimi nilikuwa kwenye foleni?"

"Hapana. Weka nukta, nitie sahihi. Wewe utashuhudia."